Imekatika, Imekatwa

Ukunda,
Jumamosi, baada ya alasiri, 1999

Mwanangu Athumani,

Hali yako siiulizi. Saa moja haijapita tangu utoke hapa kwenda Msambweni kuwaaga watu wa marehemu baba yako, na ulipotoka ulikuwa mzima, umeshiba wali, shati umelichomekea upande mmoja tu. Hali yangu unaijua. Basi tuanze.

Mambo ya blanketi, ya baridi ya Nairobi na ya kutunza kitambulisho sitayaandika. Nimekwisha kukuambia, na mara ya tatu uliniangalia kama wanafunzi wangu wanavyoniangalia kengele ikiwa imeshalia. Nakuandikia jambo moja. Kesho unasafiri na kosa ambalo unadhani ni lako, nalo ni langu. Wiki hii nimejaribu mara tatu kulisema kwa mdomo. Mimi niliyezoea kusimama barazani na kuwauliza wakubwa maswali mpaka wanatafuta miwani yao, nimeshindwa kusema sentensi moja kwa mwanangu tukiwa wawili jikoni. Kalamu haijawahi kuniangusha, kwa hiyo naikimbilia.

Itabidi nianzie mbali kidogo. Vumilia.

Miaka ishirini na miwili nimefundisha Kiswahili, na kila darasa lilipofika kwenye kauli za vitenzi nilikuwa nikiandika ubaoni: Njia ya kwenda pwani imezibwa. Kisha nageuka. "Imezibwa na nani?" Watoto kimya. "Ukuta ulijijenga? Mawe yalitembea yakapandana?" Hapo wanacheka, na mmoja aliye jasiri anamtaja mwenye ukuta kwa jina, nami namwambia aketi, amepata alama zote. Nilikuwa nikiwaambia kwamba sentensi isiyomtaja mtenda ni mlango wa nyuma, na wezi hupenda milango ya nyuma. Kauli ya kutendeka ndiyo niliyoichukia zaidi. Dawa zimemalizika. Faili limepotea. Maji yamekatika. Faili halina miguu, tafuteni mwenye miguu!

Sijutii hata neno. Kila barua niliyopeleka magazetini juu ya viwanja vya Diani ilisimama juu ya swali hilo, na nchi hii bado ina haja nalo. Ninachojutia ni kwamba niliingia nalo nyumbani bila kuvua viatu.

Unakumbuka mjomba wako Hamisi alivyotuletea ile simu kutoka Muskati. Kitako chake kinaungwa na waya wa ukutani, na mkonga wake hauna waya wowote, unatembea nao utakako. Majirani walikuja kuitazama kama waliokuja kumtazama mtoto mchanga. Sisi tukaiita simu ya upepo. Nami nikakiweka kitako mahali pa heshima, juu ya kabati la chuma lenye majalada yangu ya miaka yote, kwa sababu niliona mapambano na mawasiliano yanafaa kukaa pamoja.

Haukupita mwezi, ikaanza. Katikati ya maneno sauti inachakaa kama mtu anayekanyaga makuti makavu, halafu kimya. Kwangu hapakuwa na shaka juu ya kilichotokea. Mhariri alinikatia. Mwenyekiti wa kamati ya shule alinikatia. Wewe kila mara ulisema, "Labda imekatika, Mama." Nami nikakujibu kwa sauti ya darasani, "Simu haina mikono, Athumani. Mtu ndiye mwenye mikono."

Ndipo ukaja ule mwaka wa ukame, na mama yako mkubwa akapiga kutoka Kinango. Maneno yetu ya siku hiyo ninayo yote.

"Mwanatumu, silanga letu la kuchotea maji limekauka. Limebaki tope na kwato za ng'ombe. Mama anaamka usiku kwenda kupanga ndoo kwenye foleni. Nataka..."

"Unataka! Umeuliza lile bomba lililoahidiwa limeishia wapi?"

"Sikupigii habari za bomba."

"Ndiyo shida yenu watu wa Kinango! Mnakaa na ndoo kichwani, mtu anakula bomba lenu, nyinyi mnasema Mungu ataleta mvua."

"We Mwanatumu, nisikilize kwanza. Nina watu nyuma yangu hapa, wanangojea simu."

"Nimekusikiliza tangu nizaliwe! Leo nisikilize wewe."

Na nikamsikilizisha. Nikatoka sebuleni, nikapita ukumbini, nikashuka uani, nikalipita tangi la maji, nikafika jikoni nikiwa katikati ya hotuba ambayo mpaka leo naiona ilikuwa nzuri. Nilipotua kuvuta pumzi, hapakuwa na mtu. Dada yangu wa tumbo moja amenikatia. Nikauweka mkonga juu ya meza ya jikoni, nikakuambia wewe uliyekuwa unachuna samaki, "Asipopiga yeye, mimi sipigi."

Hakupiga. Sikupiga. Miezi minane, Athumani. Ulikuwa ukiniuliza habari za Bibi na mimi nakujibu kwamba Bibi ana mtoto mwingine huko huko Kinango, mwenye mikono mirefu ya kukata simu.

Wakati huo nilikuwa nimeshawaandikia wenye simu barua ya kurasa tatu. Wakamleta fundi, yule mnene mwenye kofia ya sufu kwenye jua la saa saba. Akapanda mlingoti, akashuka, akaingia ndani, akachomoa simu yetu na kuchomeka yake yenye waya. Akazungumza na ofisi yao mpaka nikachoka kumsubiri.

"Mwalimu, waya wangu ni mzima. Waya wangu unaishia hapa ukutani. Kutoka hapa kwenda mbele ni upepo wako mwenyewe."

"Unanifanyia mzaha nyumbani kwangu?"

"Sikufanyii. Nimeongea robo saa, haikukatika."

"Kwa sababu ofisini mnajuana!"

Akacheka mpaka kofia ikamshuka, na ule mcheko ndio ulionifanya nisisikie alichosema. Wewe ulisikia. Ulimbebea ngazi mpaka kwenye gari lake na mkasimama huko kitambo. Uliporudi ulikuwa na mwendo mwingine, kama mtu aliyepewa funguo.

Nilikuwa nakutazama siku zile, ingawa nilijifanya nasoma. Ulianza na betri. Ukausugua ule mdomo wa shaba wa mkonga kwa kifutio cha penseli, ukaulaza kwenye kitako chake usiku kucha ushibe moto, kisha ukangoja siku mbili bila kugusa kitu kingine. Haikusaidia. Nikakuambia hamisha kitako, badilisha betri, inua antena, yote leo, tumalize. Ukanijibu kwa upole ambao hukuutoa kwangu, ni wa baba yako:

"Mama, nikibadilisha vitatu kwa pamoja na ikapona, sitajua ni kipi kilichoiponya. Kesho ikiugua tena tutaanza upya."

Ukakitoa kitako juu ya kabati la chuma, ukasema chuma kinameza sauti, ukakiweka kwenye rafu ya dirishani na antena imesimama. Makuti makavu yakapungua sebuleni. Lakini bado ilikatika. Hapo ndipo ulipopiga mistari kwenye daftari, safu tatu: saa ngapi, nani anaongea, Mama yuko wapi. Safu ya tatu iliniudhi. Nilikuuliza imekuwaje mimi ndiye ninayepelelezwa. Wewe ukaendelea kuandika.

Baada ya wiki mbili ukaniita.

"Mama, ukiwa umekaa haikatiki. Mjomba akipiga mnacheka nusu saa nzima, haikatiki. Inakatika ukigombana."

"Simu inajua kugombana?"

"Haijui. Ila wewe ukigombana hukai. Unatembea."

Ukampigia mjomba wako Hamisi kwake Mombasa, ukamwomba ahesabu kwa sauti bila kukoma, naye akalalamika kwamba amerudishwa chekechea, lakini akahesabu. Mimi nikauzunguka ua na mkonga sikioni. Kila nilipoanza kusikia makuti niliinua mkono, nawe ukaweka kokoto chini. Tulipomaliza, nyumba yetu ilikuwa imezungushiwa kokoto, mbali kwenye upande wa barabara, mbali kwenye mipapai, lakini upande wa jikoni zimesogea karibu sana, kwa sababu ya lile tangi la chuma lililosimama katikati. Mlango wa jikoni ulikuwa nje ya mstari kwa hatua tatu.

Nilisimama kwenye zile hatua tatu nikawaona wote niliowatukana. Kila niliyegombana naye nilikuwa nimemtembeza mwenyewe mpaka nje ya kokoto, kisha nikamlaumu kwa kuondoka.

Kesho yake nilikwenda Kinango. Hukuwepo, kwa hiyo hili huna. Nilimkuta mama yako mkubwa uani anapepeta mahindi. Alinyanyua macho, akaendelea kupepeta.

"Umekuja kumalizia hotuba?"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile, nani aliyekata?"

"Wewe! Mwandishi wa magazeti, unaniuliza mimi? Nilibaki pale posta nikisema haloo, haloo, kama mwehu, na foleni nzima inanitazama."

"Mimi nilijua ni wewe."

"Mimi nikukatie wewe? Nani amewahi kukukatia wewe na akapona?"

Tukaanza kucheka, hivyo sisi tulivyo, na tungeendelea kucheka kama mama yetu hakuwa pale kwenye mkeka. Hakucheka. Alisema, "Miezi minane. Na mimi nilikuwa hapa hapa, nachota maji."

Nikamuuliza dada, siku ile ulikuwa unataka nini? Akasema, "Nilitaka Mama akae kwako mpaka mvua zinyeshe. Basi. Ndiyo hiyo tu."

Sentensi moja, Athumani. Ilikuwa inanifuata uani nami naikimbia kwa miguu yangu. Unalijua bega la kulia la Bibi ambalo halinyanyuki mpaka leo. Nilipomleta akakaa hapa kwetu, siku zote ulimsaidia kuvaa, na hukuuliza. Ni bega la ndoo. Nimeandika barua nyingi juu ya watu wanaowanyima wengine maji, na hakuna hata moja nilimotaja jina langu.

Tangu hapo nilijifunza kusema "imekatika". Nilijilazimisha, kama mtu anayejifunza kula asichokipenda. Mtu akipotea hewani nakaa, nasema imekatika, nampigia tena. Nilimpigia mhariri, nikampigia mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti aliniambia alidhani ninamdharau. Hata yeye! Neno lile likaanza kunipendeza, ndilo lililonifikisha hapa.

Sasa soma polepole.

Mwezi uliopita, ile Jumanne uliyokuwa juu ya paa unaziba lile bati linalovuja, simu ililia. Nilikuwa nimekaa sebuleni, karibu kabisa na kitako. Mtu akajitambulisha kwamba ni karani wa chuo, anapiga kutoka Nairobi. Akasema jina lako lilikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi, na sasa nafasi moja ya mafunzo ya mitambo ya simu imepatikana, lakini lazima uthibitishe kabla ya Ijumaa. Alikuwa na sauti ya adabu. Akasema, "Naomba kuzungumza naye, mama, kama yupo."

Nilikuwa nakusikia juu ya kichwa changu, ukigonga misumari na kuimba vibaya. Baba yako hayupo. Bibi amerudi Kinango. Nikauona ukumbi ule bila mtu, na kabla sijafikiri kidole kilifika kwenye kitufe.

Tazama nilivyoandika. Kidole kilifika! Mwanafunzi wangu angeandika hivyo ningemrudishia daftari. Nilikata simu. Nilibonyeza, mimi, kwa kukusudia, katikati ya sentensi ya mtu aliyekuwa anakuletea maisha yako.

Ukashuka na nyundo mkononi. "Nani, Mama?"

"Sijui. Imekatika."

Uliniamini mara moja, kisha ukaanza kuitafuta ile hitilafu. Siku tatu, mwanangu. Ulisugua shaba mpaka ikang'aa. Ulikiweka kitako kila mahali penye soketi. Ulizirudia kokoto zote, moja moja. Uliniuliza nilikuwa wapi wakati ilipokatika, nikakuambia ukweli, hapo kwenye kiti, nawe ukakuna kichwa, kwa sababu hapo kwenye kiti haipaswi kukatika. Usiku wa Jumatano uliandika kwenye daftari, nimeliona: Sababu haijulikani. Na asubuhi ukaniambia, "Samahani, Mama. Nilidhani nimeitengeneza."

Uliniomba msamaha wewe.

Alhamisi ulipokwenda sokoni Kombani nilimpigia yule karani kwa nambari iliyo kwenye barua yako ya chuo. Nilikuwa nimejiandalia kusema simu zetu za pwani unazijua zilivyo. Akauliza, "Ilikatika, mama?" Nikasikia mwenyewe nikijibu, "Haikukatika. Nilikata mimi. Ni mwanangu wa pekee." Akasema, "Wangu yuko darasa la tano. Sijui siku hiyo nitafanya nini. Mwambie aje, nimeshaandika jina lake." Kwa hiyo mgeni wa Nairobi ameujua ukweli mwezi mzima kabla yako. Kwako wewe niliongeza uongo wa pili. Nilikuambia chuo kimepiga tena, ukarukaruka uani, nami nikapiga vigelegele kama mtu asiye na doa.

Ningeweza kuliacha hapo. Nafasi umeipata, hakuna aliyeumia, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini juzi mama yako mkubwa alinipigia kunipa pole ya kubaki peke yangu, akanieleza ulichomwambia ulipokwenda kumuaga. Ulimwambia, "Mama Mkubwa, naogopa. Simu moja ya nyumbani imenishinda, sikuijua imekufa wapi. Huko kuna mitambo mizima. Watanigundua kwamba sijui kitu." Nilikaa kwenye kiti kile kile nikasikia hayo yote vizuri, hakuna hata kuti moja.

Nakuambia sasa, kwa kauli ya kutenda. Simu ile haikukushinda. Siku tatu zile ulifanya kila kitu sawasawa. Ulibadilisha kimoja, ukangoja, ukaandika, na ulipofika mwisho wa unachojua ukaandika kwamba hujui. Hukumzulia mtu lawama ili upumzike. Mimi ningekuwa nimeshawashitaki watu wanne. Hitilafu hukuiona kwa sababu ilikuwa imekaa kwenye kiti, inakuletea chai, na wewe hukudhani kwamba mama yako ni kitu cha kupimwa. Ungeniuliza, "Mama, ulibonyeza?" ungeipata kwa dakika moja. Ulinionea haya. Huko uendako, usimwonee mtu haya kwa kumwacha nje ya orodha. Hata fundi mkuu. Hata mimi nitakapokuambia kwamba niko salama, sina shida yoyote. Uliza tena.

Na mimi usinionee huruma. Sijui kama nilikata kwa sababu nakupenda. Wengi wangekuandikia hivyo na ungelia, lakini nimesoma vitabu vingi mno kuweza kujidanganya hivyo kirahisi. Nilikata kwa sababu niliona kitu changu kinachukuliwa, na maisha yangu yote nimekuwa nikipiga kelele juu ya watu wanaoweka ukuta mbele ya kilicho cha wengine. Ninakupenda pia. Hayo ni mambo mawili, na sitaki uyachanganye.

Nilikuwa nimepanga barua hii niitie ndani ya begi lako, katikati ya shuka, uikute baada ya kufika. Nilikwisha kuikunja mara moja nikiwa ukurasa wa pili. Kisha nikaona ninachokifanya. Mtu anayesema la kwake na kuhakikisha msikilizaji yuko mbali, hawezi kujibu, huyo naye amekata. Kwa hiyo haiingii begini. Utarudi kutoka Msambweni baada ya magharibi. Nitakupa mkononi kabla ya chakula, uisome mbele yangu, taa ikiwaka. Huenda ukanyamaza. Huenda ukasema maneno ambayo sijawahi kukusikia ukiyasema, na baadhi yake yatakuwa ya haki. Huenda kesho ukapanda gari ukiwa bado na hasira, na hilo nitalichukua. Nimechoka kujua watu wanataka kusema nini baada ya miezi minane.

Nakuaga kesho, leo sikuagi. Leo nataka jibu.

Niliyekata ni mimi,
mama yako Mwanatumu